Jiko la Pili

Bi Mkubwa alikuwa dobi, na ukimwambia kufua ni kazi ya mtu yeyote, angekuuliza kwanza hiyo kola yako kaifua nani. Miaka nenda miaka rudi alifua na kunyoosha nguo za nusu ya mtaa, kwa pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma juu ya mfuniko. Alijua wanga wa kola haulingani na wanga wa mkono. Alijua doa la damu halitaki maji ya moto. Na alijua, kwa kuliangalia tu shati chafu, mwenye shati jana alikuwa wapi na nani. Ujuzi huo aliutumia kwa waume wa watu akacheka sana na wenzake. Kwa mume wake mwenyewe ulimpiga chenga.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno laini na mkono mwepesi. Siku alipomwoa aliwatangazia wateja wake kwamba amepata jiko, kama wanaume wasemavyo, na neno hilo lilipofika nyumbani lilimfurahisha Bi Mkubwa kuliko hata mahari. Miaka ikapita. Siku moja kinyozi akaleta shati jipya jeupe, akaomba litiwe wanga wa kutosha. Bi Mkubwa akalipokea kwa mapenzi yote. Akalipulizia maji kwa kinywa chake, akalinyoosha kola, akalinyoosha mabega, akalinyoosha kifua, akapitisha ncha ya pasi katikati ya vifungo pasipo kuacha hata mkunjo. Kinyozi akalivaa, akashukuru, akaenda kuoa.

Ndiyo, kuoa mke wa pili, ndani ya shati alilonyoosha wa kwanza. Mwingine angeliunguza makusudi, lakini Bi Mkubwa hakujua. Na alipojua, kilichomchoma zaidi si ndoa yenyewe bali ile kola. Waliohudhuria walisema bwana harusi alipendeza.

Kule kwenye kiti cha kunyolea wateja wakampongeza kwamba kaongeza jiko. Neno lile lile. Hapo ndipo Bi Mkubwa alipokula yamini: nyumba hii jiko ni moja. Bi Mdogo aliletwa, akapewa chumba cha nyuma kando ya ua penye bomba, naye Bi Mkubwa akabaki na chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Katikati yao palikuwa na korido ndefu yenye giza. Bi Mkubwa hakumtaja mwenzake kwa jina wala kwa cheo. Alimwita "yule wa nyuma." Mgeni akiuliza kinyozi ana wake wangapi, jibu lilikuwa tayari: "Jiko ni moja." Hata siku ya msiba wa kinyozi, watu walipokuja kuwapa pole wajane, alisema mjane ni mmoja, na waombolezaji wakainamisha nyuso, wengine kwa huzuni na wengine kuficha kicheko.

Marehemu aliacha kioo, kiti cha kuzunguka na wajane wawili. Kioo na kiti viliuzwa. Wajane hawakuuzika, wakazeeka. Mikono ya Bi Mkubwa ilianza kutetemeka, pasi ikawa haibebeki, na wateja wakanunua pasi za umeme. Bi Mdogo, aliyekuwa mfagizi wa shule, aliambiwa sasa apumzike, na hakuna aliyemwambia atapumzika akila nini. Njaa iliwaingilia wote kwa mlango mmoja, ila Bi Mkubwa aliamini kwamba kule nyuma ilipita tu kusalimia, na kwake ndiko ilikolala.

Wivu, kwa taarifa yako, hauzeeki. Alimwonea yule wa nyuma wivu kwa magoti yake yasiyolia, kwa kicheko chake, kwa pazia lake la maua mlangoni. Akaionea wivu hata sufuria yake. Ilipochemka mfuniko ukawa unagongagonga, Bi Mkubwa aliusikia akiwa chumbani kwake mbele, akasema moyoni: anaugonga makusudi. Zaidi ya yote ilimkera namna yule mwanamke alivyochezea mkaa. Akimaliza kupika hakuzima moto. Aliyaacha makaa yakiwa mekundu ndani ya jiko, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ubadhirifu ulioje. Bi Mkubwa alitoka taratibu na birika lake, akalibandika juu ya makaa yale, akachemsha chai yake ya rangi, akarudi mbele akisonya. Mtu gani huyu asiyejua bei ya mkaa? Jiko lake mwenyewe lilikuwa chini ya benchi la uani, wavu wa ndani umeanguka, mpangaji wake buibui. Kwa ufupi, aliishi kwa moto wa mwenzake kila siku iendayo kwa Mungu, na kila siku alimlaani kwa kuuacha ukiwaka.

Ndipo ikaja habari kwamba serikali itawapa chakula, kila mwezi, wazee wasio na kipato: unga, mchele, maharagwe, mafuta ya kupikia na sukari. Mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa mtaa kuelezwa utaratibu. Bi Mkubwa alikwisha kuvaa, ndipo akamwona yule wa nyuma naye anatoka, gauni limenyooshwa vizuri kabisa, wanga hadi kwenye pindo. Nani kamfundisha? Akavua viatu, akabaki. Ndivyo alivyokosa neno moja lililoelezwa siku ile, kwamba katika mpango huu watu hawahesabiwi kwa nyumba wala kwa ukoo, bali kwa jiko. Wanaokula sufuria moja ni jiko moja, na kila jiko lina mfuko wake.

Baada ya siku chache afisa wa ustawi wa jamii akapiga hodi mlango wa mbele. Alikuwa binti mpole, mkononi kashika simu pana ya kuandikishia watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Naandikisha wazee wa mpango wa chakula. Nyumba hii ina majiko mangapi?"

Bi Mkubwa akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Swali hilo alikwisha kuulizwa na mawifi, na majirani, na muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara aliyependa kuchokoza watu. Leo hata serikali imetuma mtu.

"Kawaambie waliokutuma," akasema, "nyumba hii jiko ni moja."

"Moja tu, bibi?"

"Moja. Tangu siku ya kwanza."

"Mbona kama naona kule uani kuna..."

"Kule kuna moshi tu."

Afisa akaandika moja. Kisha, kwa kuwa kazi ilimtaka alione jiko lenyewe, akapita korido mpaka uani, akamkuta Bi Mdogo anakoroga sufuria, akachukua alama ya kidole chake. Bi Mdogo akauliza, "Na dada wa mbele je?" Akaambiwa asiwe na wasiwasi, wako pamoja, jiko ni moja. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kusikia kwamba hilo jiko moja ni lake.

Siku ya kugawa, ukumbi ulijaa wazee na mifuko ilipangwa ukutani. Mgawaji alikuwa na kipaza sauti, na watu aliwaita kwa nyumba zao, kama mtaa ulivyozizoea. Akaita, "Nyumba ya kinyozi!" Bi Mkubwa akasimama. Akajinyoosha gauni, akapita katikati ya watu bila haraka, akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akakifuta, akakiweka tena. Ikakataa.

"Ni sabuni," akamwambia mgawaji. "Mimi ni dobi, sabuni imekula mistari ya vidole. Subiri nijaribu hiki."

Akajaribu hiki, akajaribu kile, akamaliza vidole vyote vya mkono wa kulia. Nyuma yake mtu akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, dada," na mkono mwingine ukapita pembeni yake, ukagusa mashine mara moja, mashine ikakubali. Alikuwa Bi Mdogo. Mfuko ukasukumwa kwake mbele ya macho ya mtaa mzima.

Roho ilimuuma Bi Mkubwa mpaka akasahau magoti, akarudi nyumbani mbio mbio kama msichana. Kamwambia nini yule afisa? Kampikia nini? Kwanza alinichukulia mume, sasa ananichukulia serikali.

Jioni ile Bi Mdogo alikuja mbele na beseni. Alikuwa ameugawa mfuko nusu kwa nusu, kila kitu ndani ya kikaratasi chake, mafuta kwenye chupa.

"Dada, fungu lako hili hapa."

"Lirudishe. Mimi sili cha kupakuliwa."

"Hakuna kilichopakuliwa, dada. Ni kibichi."

"Basi sili kibichi."

Bi Mdogo akaliacha beseni mlangoni akaenda zake. Bi Mkubwa akatoka, akalisukuma kwa mguu, kidogo kidogo, korido nzima, mpaka kwenye lile pazia la maua. Sukari ikamwagika njiani, na sisimizi wakapata mgao wao bila kuandikishwa. Usidhani hakuwa na njaa. Alikuwa nayo ya kumkunja tumbo, na harufu ya maharagwe yenye kitunguu ilipita korido ikamfikia kitandani. Lakini kupewa na serikali si aibu, serikali haijawahi kuolewa na mume wake. Kupewa na yule wa nyuma ni kula huku unatazamwa. Alitaka mfuko wake, uitwe kwa sauti, yeye ainuke, mashine ikubali kidole chake. Hicho tu ndicho alichokitaka, na bila hicho angekufa na chai ya rangi.

Baada ya wiki ya kumeza mate alikwenda ofisini kwa yule afisa, akamweleza kwamba ameibiwa. Na tena, akasema, yule aliyeandikwa si mzee. Ni msichana tu.

Afisa akaangalia kwenye simu yake. "Bibi, huyu ni mzee. Mmepishana miaka miwili."

Miwili? Miaka yote hii alikuwa akimhesabu yule wa nyuma kuwa binti aliyeletwa kumzeesha yeye, kumbe walikuwa wanazeeka sambamba, kila mmoja upande wake wa korido. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu mwezi uanze.

"Na hakuna aliyeibiwa," afisa akaendelea kwa upole. "Wewe mwenyewe uliniambia jiko moja. Nikakuuliza mara mbili."

Akamweleza maana ya jiko katika mpango ule. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila hawakusema kwamba unaweza kuliponza na tumbo.

"Sasa inarekebishwaje?"

"Nitakuja nyumbani nilione jiko lako. Halafu utasema mbele yangu na mbele ya mwenzako kwamba nyumba yenu ina majiko mawili. Mimi nabadilisha hapo hapo."

"Lazima niseme?"

"Lazima, bibi. Kama mliandikwa moja kwa kauli yako, yawe mawili kwa kauli yako."

"Nikikuandikia?"

"Utasema tu, bibi. Ni maneno mawili."

Maneno mawili. Alirudi nayo nyumbani akiyajaribu njiani kwa sauti ya chini, na kila alipofika kwenye lile la pili, alirudia la kwanza.

Siku ya ukaguzi alikuwa amelitoa jiko lake chini ya benchi, kamfukuza buibui, kaupachika wavu kwa waya wa kuanikia nguo. Afisa akainama, akachungulia ndani. Hapakuwa na majivu hata ya kupaka kidole.

"Bibi, hili linapikiwa kweli? Maana kama mnapikia moja, siwezi kuandika mawili."

Bi Mkubwa akafungua kinywa na uongo haukutoka. Mwenye kusema alikuwa Bi Mdogo, amesimama kwenye bomba na ndoo.

"Mimi na dada hatujawahi kula sufuria moja hata siku moja," akasema. "Muulize mtu yeyote mtaani."

Huo ulikuwa ukweli, ugeuze utakavyo. Na ulimuuma Bi Mkubwa kwa namna mpya, kwamba hata wa kumtetea ni yule yule, na kwamba maneno yalimtoka kirahisi hivyo, bila kuomba shukrani. Hata wema amemzidi.

"Haya bibi, ni zamu yako," afisa akasema.

Mwenye njaa hana miiko. Bi Mkubwa aliutazama ukuta, akaitazama kamba ya nguo, akatazama kila kitu isipokuwa mtu.

"Majiko," akasema, "ni mawili."

Hakuna kilichoanguka. Bomba liliendelea kudondosha maji. Afisa akaandika, kisha akasema kama mtu anayesoma hali ya hewa: "Vizuri. Kwa kuwa huyu ndiye aliyeandikwa mwanzo, anabaki jiko la kwanza. Wewe nakuweka jiko la pili."

"La ngapi?"

"La pili. Ni namba tu, bibi."

"Haiwezi kugeuzwa?"

"Ingeweza, lakini itabidi nifute yote tuanze upya, na uandikishaji mwingine ni mwaka ujao."

Bi Mkubwa akamtazama Bi Mdogo kwa mara ya kwanza siku ile, akitafuta tabasamu usoni pake ili apate sababu ya kukataa. Hakuliona. Bi Mdogo alikuwa ameinamia ndoo. Basi akatoa kidole, na safari hii mashine ikakikubali bila mabishano, mistari yake yote ipo.

Mwezi uliofuata wote wawili walikuwa ukumbini, viti mbalimbali. Mgawaji akashika kipaza sauti.

"Nyumba ya kinyozi, jiko la kwanza!"

Bi Mdogo akainuka akitazama sakafu, akachukua mfuko wake, akatoka nje.

"Nyumba ya kinyozi, jiko la pili!"

Watu wakageuza vichwa. Hapakuwa na mtu mle ndani asiyeijua ile nyumba, wala aliyewahi kulisahau lile jibu lake. Muuza mkaa, aliyekuja kumsindikiza mama yake, akakohoa ndani ya kiganja. Bi Mkubwa alikaa ametulia, mikono juu ya mkoba, kama vile anayeitwa ni mtu mwingine kabisa.

"Jiko la pili, nyumba ya kinyozi! Kama hayupo tunaurudisha stoo."

Mfuko ulikuwa pale pale mbele yake, umefungwa kamba ya bluu. Bi Mkubwa akasimama. Alijinyoosha gauni kama mara ya kwanza, lakini pindo likabaki limekunjika.

"Yupo," akasema. Kisha, kwa kuwa mgawaji hakusikia, akasema tena kwa sauti ya kufika ukutani: "Jiko la pili nipo."

Nje alimkuta Bi Mdogo anamsubiri na mkokoteni wa kukodi. Mifuko ikapakiwa pamoja. Bi Mkubwa aliitazama vizuri upande huu na upande ule aone upi mnene, akaona inalingana, na hilo nalo halikumpendeza. Wakatembea nyuma ya mkokoteni.

"Umenyamaza, dada."

"Niseme nini? Umesikia walivyoniita."

"Nimesikia," akasema Bi Mdogo. Hakucheka. "Utazoea. Mimi nilizoea."

Bi Mkubwa alikuwa na majibu ya kutosha kumjibu yule mwanamke mpaka kiyama. Aliyapekua yote njia nzima, mpaka mkokoteni ukafika mlangoni.

Nyumbani alichagua maharagwe yake mwenyewe, akayaosha, akayatia kwenye sufuria yake mwenyewe, akalisogeza jiko lake karibu na bomba. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa moto. Upande wa pili wa ua, Bi Mdogo alikuwa amemaliza kupika, ameyaacha makaa mekundu kama kawaida yake, ameingia ndani na kufunga mlango. Bi Mkubwa alichukua koleo, akalikaribia jiko lile, akasimama. Kisha akaliweka koleo chini, akaenda kwenye pazia la maua, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile.

"Hodi."

"Karibu, dada."

"Siingii. Nimekuja kuomba moto."

Kitanda kikalia, kama cha mtu aliyetaka kuinuka kisha akaghairi.

"Chukua tu," Bi Mdogo akasema kutoka ndani. "Si nakuachiaga kila siku?"